Anayeanza michezo ya mbwa aanze na pua, si meno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Mwanza ambaye mlichapisha barua yake hivi karibuni. Alieleza kwamba ana mbwa dume wa kienyeji ambaye bado ni kijana, na kwamba ameona kwenye simu mashindano ya Ulaya ambamo mbwa huruka viunzi na kupenya mahandaki ya turubai, naye akatamani kufanya kitu kama hicho. Alipowauliza wauza mbwa wa mjini kwake aanzie wapi, aliambiwa kwamba mbwa wake hafai, anunue kwanza mbwa wa Kijerumani au Malinois wa Ubelgiji, kisha amtafute mwalimu wa kumzoesha mnyama huyo kung'ata mkono uliofungwa gunia. Jibu la aina hiyo nimelisikia Arusha, Moshi na hata Nairobi, na ndilo linalowafanya watu wengi waache kabla hawajaanza au, vibaya zaidi, wabaki na mnyama wa hatari uani mwao. Mimi nafuga mbwa hapa Usa River na kuwafunza michezo kwa kujifurahisha tu, pamoja na majirani wachache wenye hamu hiyohiyo, na ninaloliamini ni kwamba anayeanza anapaswa kuanza na pua ya mbwa, na kwamba mbwa aliye naye sasa hivi anamtosha.

Nianze na huo ung'ataji, kwa kuwa ndio unaowavutia vijana. Mchezo ambao wauza mbwa wetu wanauiga ulizaliwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Max von Stephanitz na wenzake kuanzisha, mwaka 1899, chama cha wafugaji wa mbwa mchungaji wa Kijerumani, na shabaha yake ilikuwa kupima kama mbwa anafaa kwa kazi na kwa uzazi, wala haikuwa kumfanya mkali. Kwa miongo mingi uliitwa Schutzhund, na siku hizi kanuni za kimataifa zinauita IGP. Una sehemu tatu zenye alama 100 kila moja, yaani kufuata nyayo, utii na ulinzi, na hiyo ya ulinzi, ambayo ndiyo pekee tunayoiona kwenye video fupi za mitandaoni, ni theluthi moja tu ya kazi yote. Jambo ambalo wauza mbwa hawalisemi ni kwamba huko ulikozaliwa mchezo huo, mbwa haruhusiwi kuingia katika ngazi yake ya kwanza kabla hajafaulu mtihani mwingine, ule wa mbwa mwandamani, ambao haufanywi na mbwa mwenye umri wa chini ya miezi 15 na ambao hauna ung'ataji hata kidogo. Katika mtihani huo mbwa hutembea ubavuni mwa bwana wake akiwa na kamba na bila kamba, hulala chini na kutulia wakati bwana wake anakwenda mbali na mbwa mwingine anafanya kazi uwanjani, kisha hupelekwa barabarani kati ya watu, baiskeli na magari ili mwamuzi aone kama hababaiki wala hashambulii. Mbwa anayeshindwa hapo harudi kung'ata kitu, anarudi nyumbani.

Huku kwetu mambo yamegeuzwa. Mwalimu humchokoza mbwa aliyefungwa mnyororo mpaka anaruka kwa hasira, mwenye mbwa hupiga picha na kuisambaza, na baada ya miezi kadhaa mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi ndiye anayegundua mbwa alifundishwa nini.

Mbio za viunzi, ambazo ndizo zilizomvutia ndugu yetu wa Mwanza, ni mchezo wa upole zaidi, nao hauna umri mkubwa. Ulionyeshwa mwezi wa Februari 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, kama kiburudisho cha kujaza muda kati ya shughuli moja na nyingine, kwa kuiga mashindano ya farasi wanaoruka vizuizi, na watazamaji wakaupenda kiasi kwamba mwaka 1980 chama kikuu cha mbwa cha Uingereza kiliutambua rasmi. Katika mashindano yanayofuata kanuni za FCI, ambalo ni shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, mbwa hukimbia bila mkanda wa shingoni wala kamba, akiongozwa kwa sauti na kwa mwendo wa bwana wake, ambaye haruhusiwi kumgusa. Huruka viunzi, hupenya handaki, hupita juu ya ubao mwembamba, na kupinda kushoto na kulia kati ya nguzo 12 zilizosimikwa kwa umbali wa sentimita 60. Uingereza mbwa chotara asiye na cheti cha ukoo hushindana katika mbio hizi bila shida yoyote, kwa hiyo anayemwambia mtu wa Mwanza kwamba mbwa wa kienyeji hafai anauza mbwa, hatoi ushauri.

Hata hivyo, viunzi si mahali pa kuanzia. Mifupa ya mbwa mchanga ina sehemu laini karibu na ncha zake, ambako urefu huongezeka, na sehemu hizo hazikazi mpaka mbwa anapokaribia mwaka mmoja, na kwa mbwa wenye miili mikubwa hata mwaka na nusu. Kumrusha vizuizi virefu mbwa wa miezi sita ni kumtafutia maumivu ya viungo ya maisha yake yote, na ndiyo sababu FCI haimruhusu mbwa yeyote kushindana kabla ya miezi 18. Kwa mbwa kijana, fito iliyolazwa juu ya matofali mawili, kimo cha kifundo cha mguu, inatosha kumfundisha kupanga hatua zake, mengine yasubiri.

Pua haina masharti hayo. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anaweza kunusa, mbwa mzee mwenye nyonga mbovu anaweza, na hata yule mwoga anayejificha nyuma ya pipa akisikia pikipiki anaweza, tena mara nyingi huwa ndiye hodari kuliko wote, kwa sababu akishaingiza pua kazini husahau hofu yake. Binadamu anakadiriwa kuwa na chembe milioni 5 au 6 za kupokea harufu, ilhali mbwa anakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 200, ikitegemea aina. Na kwa kuwa hii ni kazi ambayo mbwa anaijua kuliko mwalimu wake, mtu anayeanza analazimika tangu siku ya kwanza kumtazama mnyama badala ya kumwamrisha, ajifunze mkia unavyobadilika mwendo, pumzi inavyokuwa fupi na shingo inavyogeuka ghafla mbwa anapoikuta harufu. Ujuzi huo wa kumtazama mbwa ndio utakaomfaa baadaye katika viunzi, katika utii na katika mchezo mwingine wowote.

Wala kunusa si jambo geni kwetu. Hapahapa Usa River ndipo mbwa wa mradi wa shirika la uhifadhi la AWF wamekuwa wakifunzwa pamoja na askari wao tangu miaka ya 2010, kabla ya kupelekwa katika bandari na viwanja vya ndege, ikiwemo bandari ya Mombasa, kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona yaliyofichwa kwenye shehena. Na kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa na kufunzwa hapo, Magawa, alitunukiwa mwaka 2020 nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza kwa kazi yake nchini Kambodia, ambako hadi anastaafu alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Namtaja panya katika barua ya mbwa kwa sababu njia ya kuwafunza ni ileile: mnyama akiifikia harufu sahihi husikia mlio mfupi wa kubofya, na papo hapo hupata kipande cha ndizi au karanga. Hapigwi, hafokewi, na sidhani kama kuna anayeweza kumlazimisha panya kwa mnyororo. Ikiwa wakulima wanarudi kulima shamba kwa kuamini pua iliyofunzwa kwa njia hiyo, basi mbwa wa uani naye inamtosha.

Anayeanza na apate kwanza ishara yake, ambayo inaweza kuwa neno moja fupi asilolitumia katika mazungumzo, au kalamu ya wino inayobofya. Kwa siku chache kazi ni moja tu: anabofya na kumpa mbwa dagaa, anabofya tena na kumpa, mpaka mbwa akisikia mlio anageuza kichwa mara moja kuutafuta mkono. Dagaa wakavu wasio na chumvi ni malipo bora kuliko biskuti zozote za mbwa za dukani, hasa kwa mtu anayeishi kando ya ziwa wanakovuliwa, na maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe yanafaa vilevile. Malipo hayo yatoke katika chakula cha siku cha mbwa, yasiwe nyongeza, na zoezi lifanyike kabla hajala.

Kisha atafute maboksi matano au sita matupu yasiyonuka sabuni, ayapange sakafuni, aweke dagaa katika moja wakati mbwa yuko nje, amwingize, na anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Watu wengi humnyooshea mbwa kidole, humwita jina, humsukuma kichwa kuelekea boksi lenyewe, na mbwa naye hujifunza kusoma kidole badala ya kunusa. Aachwe azunguke apendavyo. Akiingiza pua katika boksi lenye dagaa, ishara itolewe na aongezewe dagaa wengine mlemle ndani ya boksi, ili aelewe kwamba malipo yapo kwenye chanzo cha harufu, wala hayapo mfukoni mwa bwana wake. Boksi lililotumika kuficha chakula litiwe alama na lisichanganywe na mengine, maana harufu hubaki hata dagaa wakishaliwa, na mbwa akilirudia ataonekana amekosea kumbe amesema kweli. Kutafuta mara tatu au nne kunatosha kwa zoezi moja. Dakika tano zikipita, maboksi yaondolewe wakati mbwa bado anayataka.

Mbwa akishauelewa mchezo, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa, harufu ya chakula hubadilishwa na harufu ambayo kwake haina maana yoyote. Katika mchezo wa kunusa ulioanzishwa California, Marekani, mwaka 2006 na walimu wa mbwa wa ugunduzi, harufu tatu zinazotumika ni ya mti uitwao birch, ya anisi na ya karafuu, na Uingereza nako wanafunzi wengi huanza na karafuu. Kwa hiyo kitu ambacho mwanamichezo wa huko hukiagiza kwa posta, sisi tunacho jikoni katika viungo vya pilau, na huenda kimetoka Pemba. Karafuu chache zitiwe katika kikopo kidogo cha bati kilichotobolewa matundu na kufungwa imara, kwa kuwa mafuta ya karafuu humdhuru mbwa akiyala. Mwanzoni kikopo hufichwa pamoja na dagaa, kisha dagaa huondolewa na malipo huletwa kwa mkono mara tu mbwa anapokipata. Vikopo visivyo na kitu navyo vishikwe na mikono ileile na kupangwa kati ya vile vya karafuu, la sivyo mbwa atajifunza kutafuta harufu ya vidole vya bwana wake. Baadaye kazi hutolewa nje ya nyumba, na hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu upepo huihamisha harufu na kuikusanya kwenye kona ya ukuta au chini ya ua, na mbwa anaweza kusimama hatua kadhaa mbali na kikopo akiwa na uhakika kabisa. Asikosolewe. Asubiriwe afuate harufu mpaka kwenye chanzo chake.

Sambamba na kunusa, mbwa afundishwe mambo machache ya utii: kuja anapoitwa, kukaa, kulala chini, kusubiri, na kuachia alichokishika mdomoni. Yote yafundishwe kwa Kiswahili au Kisukuma au lugha yoyote ya nyumbani. Sijui ni nani aliyetuaminisha kwamba mbwa husikia Kiingereza peke yake. Kuja anapoitwa ndilo lenye thamani kuliko yote, na hakuna njia ya haraka ya kuliharibu kama kumwita mbwa kisha kumchapa.

Kuhusu afya sitakuwa na maneno mengi, kwa kuwa daktari wa mifugo wa kata anajua zaidi yangu. Mbwa asipelekwe penye wenzake kabla hajachanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Kupe wakaguliwe baada ya kila zoezi la majanini, masikioni na kati ya vidole. Mazoezi yawe asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema, na lami ambayo mgongo wa mkono wa mtu hauwezi kuivumilia kwa sekunde chache itaunguza nyayo zake.

Majirani nao wana haki yao. Wapo ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, kilichoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, kwa hiyo kumfunza mnyama si jambo la kuonea haya. Lakini mwenye mbwa aombe ruhusa kabla ya kutumia uwanja wa wote, amshike kwa kamba anapokwenda na kurudi, na aokote kinyesi chake, jambo ambalo naona wafugaji wa mjini wanalikwepa kwa visingizio vya kila aina.

Iwapo ndugu yetu atataka mwalimu, na amwombe kwanza amwonyeshe mbwa wake mwenyewe akifanya kazi. Mbwa anayefanya kazi huku ameshusha mkia na kulamba midomo mbele ya bwana wake ameshamaliza kutoa ushahidi. Ajihadhari na anayetaka aachiwe mbwa kwa mwezi mzima, kwa maana mbwa huyo atarudi akimtii mwalimu na kumshangaa mwenye nyumba. Katika michezo hii anayefunzwa hasa ni mtu. Mwalimu akitoa mkanda wa shingoni wa kutia umeme, mazungumzo yaishie hapo. Wales iliupiga marufuku tangu mwaka 2010, na sisi wenyewe tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo ni wachache waliowahi kuisoma.

Wanaoishi karibu na mpaka wa Kenya wanaweza kwenda Nairobi kutazama maonyesho ya East Africa Kennel Club, si lazima kwa kushindana, bali kuona jinsi mbwa wengi wanavyoweza kukaa uwanja mmoja bila vurugu. Kwa Mwanza na miji mingine, ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mnapotangaza kampeni za chanjo za halmashauri muwakaribishe pia wenye mbwa wanaotaka kufanya mazoezi pamoja, kwa kuwa siku ya chanjo ndiyo siku pekee wanayokutana wote mahali pamoja. Si lazima wawe wengi. Watatu wanatosha kwa mchezo wa kunusa, tena ni vigumu kuucheza vizuri ukiwa peke yako: anayejua kikopo kilipofichwa humwonyesha mbwa bila kukusudia, kwa jicho, kwa bega au kwa kupunguza mwendo, na ndiyo maana katika mashindano mwenye mbwa haambiwi kilipo. Basi mmoja afiche, wa pili aingie na mbwa wake asiyejua na yeye mwenyewe asiyejua, na wa tatu aandike muda. Mwenye mbwa akiona ishara ya mbwa wake atamke kwa sauti kwamba ni hapa, na aliyeficha ndiye atakayemjibu kama ni kweli.

Wako,
Mfugaji na msomaji wenu,
Usa River, Arusha